Tabia ya Taifa Haizaliwi, Hujengwa: Funzo la Mipaka ya Kikoloni

Utangulizi

Katika mikutano ya hadhara, katika mazungumzo ya vijiweni na hata katika baadhi ya maandishi ya wasomi wetu, husemwa mara kwa mara kwamba Mtanzania kwa asili yake ni mtu mpole na mvumilivu. Kwamba Mkenya ni mchapa kazi lakini mbinafsi. Kwamba Mjerumani huzaliwa na nidhamu na Mwingereza huzaliwa na ubaridi wa moyo. Wengi huyasema maneno haya kwa mzaha. Hata hivyo ndani ya mzaha huo mna nadharia kamili kuhusu binadamu na historia yake. Nadharia hiyo inadai kuwa kila taifa lina tabia yake ya kudumu, na kwamba tabia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini nchi moja ina utulivu na nyingine ina machafuko, kwa nini moja ni tajiri na nyingine ni maskini.

Sisi tunaona kwamba nadharia hiyo inapotosha, na kwa watu wenye jukumu la kujenga taifa ni ya hatari. Inapotosha kwa sababu inayageuza matokeo kuwa chanzo. Ni ya hatari kwa sababu mtu anayeamini kuwa umoja wake ni wa kuzaliwa hawezi kuona haja ya kuulinda. Katika makala haya tutachambua nadharia hiyo ilikotoka, kisha tutaipima kwa mizani ya historia ya nchi za Afrika zilizokatwa na mipaka ya mabeberu, na mwisho tutaeleza wajibu unaotokana na uchambuzi huo.

Chanzo cha Nadharia ya Tabia ya Asili

Nadharia ya tabia ya asili ililetwa kwetu na wakoloni, nao waliileta kwa shabaha maalumu. Mkulima wa Tanganyika alipokataa kuliacha shamba lake akafanye kazi katika mashamba ya katani ya Wazungu kwa ujira usiotosha, hakuambiwa kwamba amepiga hesabu yake vizuri. Aliambiwa kwamba yeye ni mvivu, na kwamba uvivu huo umo katika damu yake. Dawa aliyopewa ilikuwa kodi ya kibanda, ambayo Wajerumani walianza kuitoza katika miaka ya 1890, pamoja na kiboko. Kwa hiyo neno "mvivu" lilikuwa chombo cha kupata nguvu kazi kwa bei rahisi. Watu hao hao walioitwa wavivu ndio waliolima chakula chao na cha manamba, na ndio walioinuka katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905 walipolazimishwa kulima pamba kwa faida ya wengine.

Baada ya uhuru nadharia hiyo haikufa. Ilivaa mavazi mapya, mavazi ya takwimu. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni kazi ya mtaalamu wa Kiholanzi, Geert Hofstede, iliyotolewa kwa kitabu mwaka 1980. Hofstede alitumia majibu zaidi ya 116,000 yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973 kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja ya Kimarekani ya kutengeneza kompyuta, IBM, katika nchi nyingi. Kutokana na majibu hayo aliyapa mataifa alama: watu wa taifa hili wanakubali kwa kiasi gani tofauti kubwa za madaraka, wanajitazama kama mtu mmoja mmoja au kama sehemu ya kundi, wanaogopa kwa kiasi gani mambo yasiyotabirika, wanatukuza ushindani au kuhudumiana.

Hatusemi kwamba kazi hiyo haina thamani yoyote. Ilisaidia kuonyesha kwamba taratibu za uongozi zilizotungwa Marekani si sheria ya maumbile kwa dunia nzima. Lakini tuangalie jinsi ilivyotupima sisi. Tanzania haikupewa alama yake. Iliunganishwa na Kenya, Uhabeshi na Zambia, zikaitwa zote kwa pamoja "Afrika Mashariki", na nchi zote nne zikapewa alama moja: 64 kwa kukubali tofauti za madaraka, na 27 kwa ubinafsi, wakati Uingereza ilipewa 35 na 89.

Sasa tujiulize, hiyo miaka ya 1967 hadi 1973 ilikuwa miaka gani? Ndiyo miaka ambayo Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Ndiyo miaka ambayo Kenya, kwa mujibu wa Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965, ilikuwa ikijenga uchumi wa mali ya watu binafsi na mitaji ya kigeni chini ya jina la ujamaa wa Kiafrika. Uhabeshi ilikuwa bado chini ya Mfalme Haile Selassie na ukabaila wake wa ardhi. Zambia ilikuwa inatangaza siasa ya utu huku uchumi wake ukitegemea shaba. Nchi nne zilizokuwa zinakwenda njia nne zilitiwa katika kapu moja, kwa ushahidi wa wafanyakazi wa ofisini wa kampuni moja. Mkulima hakuulizwa, wala mfugaji, wala kuli wa bandarini. Mchambuzi Brendan McSweeney aliwahi kuonyesha, mwaka 2002, kwamba katika baadhi ya nchi walioulizwa walikuwa wachache mno kuweza kulisemea taifa zima.

Kosa la msingi, hata hivyo, si uchache wa watu. Kosa la msingi ni kuulizia watu wana tabia gani bila kuulizia tabia hiyo ilijengwa na nani, lini, na kwa vyombo gani.

Mpaka Kama Mizani

Mabeberu walipogawana Afrika walitufanyia madhara makubwa. Lakini bila ya kukusudia walimwachia mwanahistoria mizani nzuri. Walichukua watu wa kabila moja, wenye lugha moja, mila moja na mababu wamoja, wakawakata katikati kwa mstari wa ramani. Kama tabia hutoka katika damu na mila, basi watu wa pande mbili za mstari huo wangebaki na tabia moja. Kama hujengwa na siasa na uchumi, basi wangetofautiana.

Tuwatazame Wachewa na Watumbuka. Mpaka kati ya Malawi na Zambia ulichorwa mwaka 1891, na uliwaacha Wachewa pande zote mbili na Watumbuka pande zote mbili. Mtafiti Daniel Posner alikwenda katika vijiji vya mpakani, vilivyo umbali mfupi tu kutoka kimoja hadi kingine, akatoa matokeo yake mwaka 2004. Upande wa Malawi, Mchewa na Mtumbuka walijitazama kama wapinzani, na wengi hawakuwa tayari kumpigia kura mgombea wa kabila lile jingine. Upande wa Zambia, watu wenye majina yale yale na lugha zile zile walijitazama kama ndugu, watu wa Mashariki mwa nchi yao.

Kilichowatenganisha ni nini? Katika Malawi makabila hayo mawili ni makubwa kiasi cha kuweza kuwa ngazi ya kupandia madarakani, na wanasiasa walizitumia ngazi hizo. Utawala wa Kamuzu Banda uliifanya Kichewa kuwa lugha ya taifa mwaka 1968 na kukiondoa Kitumbuka katika redio. Katika Zambia makabila hayo ni sehemu ndogo ya wananchi wote. Mwanasiasa anayetegemea Wachewa peke yao hafiki popote, kwa hiyo humlazimu kuwaunganisha. Mila ni zile zile. Ni faida ya kisiasa ya kuzitumia mila hizo iliyobadilika, na tabia za watu zikaifuata.

Tanganyika na Kenya Chini ya Ukoloni

Tukirudi nyumbani, mpaka wetu na Kenya ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Uliwakata Wadigo, Wamasai, Wakuria na Wajaluo. Kwa hiyo hapa pia swali ni lile lile: tofauti za tabia zinazosemwa kati ya Mtanzania na Mkenya zilitoka wapi?

Kwanza tutazame ardhi. Nchini Kenya walowezi walitwaa ardhi bora ya nyanda za juu, na Mwafrika akasukumwa katika maeneo yaliyotengwa kikabila, akatembea na kipande shingoni. Ardhi ikawa chache, na kila kabila likaitazama kwa jicho la mpaka wake. Tanganyika nayo ilikuwa na walowezi na mashamba makubwa ya katani, lakini hayakufikia kiasi hicho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa nchi ya udhamini, na sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwa wakulima wadogo.

Pili, vyama vya siasa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, ikaruhusiwa, pamoja na vikwazo vingi, kufungua matawi karibu nchi nzima. Nchini Kenya katika wakati huo huo ilikuwepo Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952 hadi 1960. Vyama vya Waafrika vilipigwa marufuku mwaka 1953, na vilipoanza kuruhusiwa tena mwaka 1955 viliruhusiwa kwa wilaya tu. Kwa kuwa wilaya zilikuwa zimechorwa kufuata makabila, mwanasiasa wa Kenya alilazimishwa kisheria kujifunza siasa ndani ya kabila lake kabla hajaruhusiwa kuzungumza na taifa. Huo ndio "ukabila wa Kiafrika" ambao wakoloni waliukuza, kisha wakausikitikia.

Tatu, lugha. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika utawala na shule zao kwa sababu kiliwarahisishia kazi, na maakida wakakipeleka bara. Waingereza waliendelea nacho katika shule za msingi. Kwa hiyo TANU ilikuta chombo tayari, ikakigeuza silaha ya ukombozi.

Nne, idadi. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na Wasukuma, ambao ni wengi kuliko wote, hawafikii moja ya tano ya wananchi. Hakuna kabila ambalo lingeweza kutawala peke yake. Hii ni bahati ya historia, na hatuna haki ya kujisifia bahati.

Kazi ya Ujenzi Baada ya Uhuru

Lakini bahati haitoshi. Yaliyofuata yalikuwa kazi iliyopangwa. Mwezi Desemba, 1962, alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi kumi ulifuata, na jirani akawa ndiye kiungo cha uongozi, si ukoo. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumwuliza mwananchi kabila lake. Kijana wa Kagera alipelekwa kusoma Mtwara, wa Songea akapelekwa Musoma. Kisha wote wakakutana katika Jeshi la Kujenga Taifa, wakala ugali mmoja. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikakipa kijiji halmashauri yake iliyochaguliwa.

Kenya ilichagua njia nyingine. Machifu wa serikali walibaki, wakiteuliwa kutoka juu. Ardhi ya walowezi iligawanywa kwa kuuzwa na kwa mikopo, na aliyekuwa karibu na dola alipata zaidi. Hivyo kuwa na mtu wa kabila lako Ikulu kukawa na thamani ya ekari na shule.

Matokeo yake yalipimwa. Mtafiti Edward Miguel, katika kazi aliyoitoa mwaka 2004, alilinganisha Wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, na Wilaya ya Meatu kwetu. Zote mbili ni za wakulima, haziko mbali na Ziwa Viktoria, na zote zina mchanganyiko wa makabila. Katika Busia, maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila yalichangia shule zake pungufu kuliko maeneo ya kabila moja. Wastani wa pungufu hilo ulikuwa kama robo. Wazazi wa kabila moja hawakuweza kumbana mzazi wa kabila jingine asiyetoa mchango. Katika Meatu mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Msukuma na Mnyiramba walikaa katika kamati moja, na asiyetoa alihojiwa katika mkutano mmoja wa kijiji.

Hapa ieleweke vizuri kwamba hatusemi Mkenya hana moyo wa kujitolea. Harambee imejenga mamia ya shule za Kenya kwa jasho la wananchi wenyewe, na kwa muda mrefu Kenya ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wengi kuliko sisi. Kujitolea kulikuwapo pande zote mbili. Kilichotofautiana ni ukubwa wa duara la watu ambao mtu aliwahesabu kuwa ni wenzake.

Je, ni Lugha Peke Yake?

Wapo wanaosema kwamba siri yetu ni Kiswahili, basi. Historia inakataa jibu hilo jepesi. Zanzibar ndiyo nyumba ya Kiswahili sanifu, na karibu watu wake wote ni Waislamu; lakini siasa za ubaguzi wa rangi na tofauti za mwenye shamba na mchuma karafuu zilizaa ghasia za Juni 1961, zilizoua watu zaidi ya 60, na mgogoro huo ukaishia katika Mapinduzi ya 1964. Rwanda ina lugha moja tangu zamani. Lugha hiyo moja ndiyo iliyotumiwa redioni kuhimiza mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, baada ya ukoloni wa Kibelgiji kuwaandikia watu "Mhutu" na "Mtutsi" katika vitambulisho katika miaka ya 1930 na serikali zilizofuata kuviendeleza vitambulisho hivyo.

Lugha ni daraja. Linaweza kuvushwa chakula, na linaweza kuvushwa panga. Kinachoamua ni mahusiano ya watu wanaolitumia: nani anamiliki, nani anatawala, na nani anasikilizwa.

Hali Yetu ya Leo

Ikiwa tabia ya taifa hujengwa, basi inaweza pia kubomoka. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yalisimamishwa, na hayakuanza tena mpaka mwaka 2013. Vijana wa miaka karibu 20 walikosa jando hilo la taifa. Shule za sekondari za kata ziliwafungulia mlango watoto wengi wa wakulima, na hilo ni jambo jema. Lakini maana yake pia ni kwamba mwanafunzi wengi wao humaliza kidato cha nne bila kulala hata usiku mmoja nje ya wilaya yake. Mtoto wa mwenye uwezo anafundishwa kwa Kiingereza tangu chekechea, na mtoto wa mkulima kwa Kiswahili. Wakikutana ukubwani watakuwa raia wa nchi moja wenye mitazamo miwili. Hapo mpaka si wa makabila tena, ni wa matabaka.

Wala tusisahau kwamba baadhi ya ujenzi wenyewe ulifanywa kwa mabavu. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wapo wananchi waliohamishwa kwa nguvu na kuchomewa nyumba, kinyume cha maelekezo ya siasa yenyewe kwamba ujamaa ni hiari. Mazoea ya kuamrisha badala ya kushawishi nayo ni utamaduni, nao hurithishwa.

Na ukweli mchungu zaidi lazima usemwe. Januari 2001, Unguja na Pemba, na tena Oktoba 2025 wakati wa Uchaguzi Mkuu, damu ya raia ilimwagika katika nchi iliyojiita kisiwa cha amani. Kenya ilipopoteza watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wengi wetu tulitikisa vichwa na kusema, "Sisi hatuko hivyo." Hayo ndiyo maneno ya nadharia ya tabia ya asili. Wakenya, kwa upande wao, walikaa chini, wakaandika Katiba mpya mwaka 2010 na kugawa madaraka kwa kaunti. Matatizo yao hayakwisha, lakini walitambua kwamba chanzo kilikuwa katika vyombo vyao, si katika damu yao.

Hitimisho

Uchambuzi huu unatupa wajibu wa aina tatu. Kwanza, kuacha kuwafundisha vijana kwamba amani ni tabia ya Mtanzania. Tuwafundishe ilivyojengwa, kwa tarehe na kwa gharama zake, ili wajue matofali yapi yamelegea. Pili, kuvipima vyombo vyetu, yaani shule, vijiji, mahakama, tume za uchaguzi na matawi ya Chama, kwa swali moja: je, vinapanua duara la watu wanaohesabiana kuwa wenzao, au vinalipunguza? Tatu, kukubali kwamba mwananchi asiyesikilizwa hawezi kuombwa upole bila kikomo. Subira ya watu ni akiba iliyowekwa na vizazi vilivyopita. Kiongozi anayeitumia bila kuirudishia anafilisi mali ambayo hakuichuma.

Wahenga walisema kwamba umoja ni nguvu. Hawakusema kwamba umoja ni kabila, wala kwamba ni rangi, wala kwamba ni pasi ya kusafiria. Walikuwa wanazungumzia kazi, na kazi hiyo kila kizazi huianza upya.